Mjomba Mkate

Watu wengi mjini waliijua sauti ya Kipaza kabla ya kumjua mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akitangaza treni. Aliketi katika kijumba cha vioo juu ya jukwaa la stesheni, akiwaambia abiria ipi inaingia, ipi inaondoka na ipi imechelewa, na yote aliyasema kwa utulivu kiasi kwamba hata waliocheleweshwa walishindwa kukasirika. Jina la Kipaza alipewa na baba yake angali mchanga, kwa sababu alipolia hata majirani wa nyumba ya tatu walikuwa wanaamka. Jina likamganda, na baadaye kazi ikalifuata jina.

Basi mkesha wa Krismasi, mchana kweupe, sauti ile ilikatika. Treni ya saa nane ilikuwa imesimama na milango iko wazi, naye alikuwa katikati ya maneno ambayo angeweza kuyasema hata usingizini: "Abiria mnaoshuka, mnaombwa..." Akanyamaza. Watu waliinua nyuso, wakingoja waambiwe wanaombwa nini. Kipaza hakuwa na habari nao. Alikuwa anamtazama mwanamume mmoja mrefu aliyeshuka kwenye behewa la kati, begi begani, akitembea kwa madaha ya mtu aliyezoea kushangiliwa.

Kapteni alikuwa amerudi.

Aliondoka miaka saba nyuma, kwenye jukwaa lile lile, akiwa bado nahodha wa timu ya mpira ya mtaa na mpenzi wa Kipaza. Alikuwa amepata kazi nchi ya mbali. Alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Ningoje. Krismasi nitakuwa hapa." Hakusema Krismasi ipi, na Kipaza, akiwa amezama katika penzi mpaka utosini, hakuuliza. Mwaka wa kwanza simu zilikuja kila wiki, wa pili kila mwezi, wa tatu zikawa kama mvua ya kiangazi. Alingoja hivyo hivyo.

Kapteni alipanda ngazi akaja mpaka mlangoni mwa kijumba. Alikuwa amenenepa kidogo, na kulimpendeza. Alimtazama Kipaza kwa macho yale yale yaliyokuwa yakimfanya asahau njia ya kurudi nyumbani, kisha akaitazama pete iliyokuwa kidoleni mwake Kipaza.

"Hiyo tutaizungumza," alisema. "Leo saa moja jioni nakuja kwenu. Nina neno na wewe, halafu na mama. Sawa?"

Hapo ndipo angejibu. Angesema ana mchumba, harusi ni mwezi ujao, kadi zimeshasambazwa. Angesema pia, kama angethubutu kuutoa ukweli wote, kwamba kumwona tu magoti yamemlegea. Badala yake lilimtoka neno moja, lile linalomtoka mtu yeyote aliyelelewa vizuri akiambiwa mgeni anakuja.

"Karibu," alisema.

Alirudi nyumbani hajijui hajitambui, akapita duka la mchumba wake bila hata kugeuza shingo.

Mchumba huyo alikuwa mpima macho. Duka lake lilitazamana na stesheni, ng'ambo ya barabara, na nyumbani kwa kina Kipaza walimwita Miwani, jina alilolipokea kwa kicheko, maana bila miwani yake mwenyewe alikuwa haoni mbele. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole virefu visivyo na haraka. Miaka miwili nyuma Kipaza aliingia pale macho yakimuuma, akatoka na miwani ya kusomea na maagizo ya kurudi kukaguliwa. Alirudi. Akarudi tena hata macho yasipouma. Hakukuwa na siku ambayo angeweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa ndipo nilipompenda. Jambo hilo lilikuwa likimsumbua. Kwa Kapteni aliijua siku, saa, hata shati alilovaa.

Na kulikuwa na neno moja alilowahi kumwambia Miwani ambalo hakujua kama lilichoma. Siku moja, akiwa na furaha zake, alimshika shavu akamwambia, "Unajua unafanana na nani? Na Mjomba Mkate."

Sasa, kumjua Mjomba Mkate ni lazima uijue filamu, na filamu ile huwezi kuijua bila kumjua baba.

Baba yake Kipaza alikuwa dereva wa treni za mizigo. Mwaka mzima alikuwa njiani. Watoto walimjua kwa harufu ya grisi na kwa pipi za mfukoni. Lakini Krismasi ilimkuta nyumbani kila mwaka, na jioni ya mkesha alishusha kanda moja ya video kutoka juu ya kabati, akaipangusa kwa shati, akaitia kwenye deki. Filamu yenyewe ilikuwa ya lugha ya kigeni. Baba aliondoa sauti kabisa, akavuta kigoda, akakaa pembeni mwa televisheni, akawa yeye ndiye msemaji. Aliwasemea wanaume, aliwasemea wanawake, akamsemea na farasi.

Palikuwa na Bwana Koti, aliyemwacha mkewe katika kijiji cha theluji akaenda mbali kutafuta kazi. Palikuwa na mke mwenyewe, aliyewasha taa dirishani kila jioni akimngoja. Na palikuwa na kaka wa huyo mke, mwoka mikate, aliyepita kwenye theluji kila asubuhi kumletea mkate wa moto, akamkatia kuni, akamtengenezea mlango uliolegea. Kwa kuwa alikuwa kaka wa mama, watoto walimwita Mjomba Mkate. Mwishoni, siku ya Krismasi, Bwana Koti anabisha hodi. Mke anafungua. Wanakumbatiana. Kisha mtu anaonekana kwa mgongo, amevaa koti, anakwenda zake kwenye theluji akizidi kuwa mdogo, na baba alimsemea kwa sauti nzito ya kuchekesha: "Mwenye nyumba karudi, mjomba nami nikalale." Hapo Kipaza na kaka yake walipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Televisheni yao ilikuwa kuukuu, kila kitu kilikuwa cha buluu, na chenga za kioo na theluji vilikuwa kitu kimoja. Mwaka mmoja watoto walipasua mto wakairusha pamba hewani ili sebule nayo iwe na theluji. Mama aliwachapa kwanza, halafu akakaa chini katikati ya pamba akacheka mpaka machozi. Hata kanda yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. Ilipofika katikati, pale mwoka mikate anaposimama jikoni na yule mke, baba ilibidi ainuke asimame mbele ya kioo ahangaike na deki. Kila mwaka, mahali pale pale. Watoto walizoea, wakawa wanautumia muda huo kwenda msalani.

Mwaka aliofariki baba, deki iliila ile kanda. Lakini Kipaza alibaki nayo kichwani, na miaka yote aliyomngoja Kapteni alijua hasa anachongoja: hodi, mlango, kukumbatiana. Na leo hodi ilikuwa inakuja.

Miwani alifika alasiri, duka likiwa limefungwa mapema, mkononi ana flashi ndogo iliyofungwa katika karatasi kubwa ya zawadi.

"Nimeipata," alimwambia. "Ile ya baba. Nakala safi, na maandishi ya lugha yetu chini."

Siku nyingine Kipaza angeruka juu. Leo alitabasamu, akatazama saa ukutani, akatabasamu tena. Mama aliitwa, akaja na kitenge chake mabegani. Kaka naye alikuja, fundi magari, ambaye tangu baba afariki alikalia kiti cha baba bila kuulizwa na mtu. Kaka alikuwa amecheza mpira na Kapteni. Alipopita karibu na dada yake alimnong'oneza kwamba mtu wao amempigia simu, na kwamba asiwe na haraka ya kuolewa, mtu aliyetoka safari anastahili kusikilizwa. Kisha akamsalimia Miwani kwa uchangamfu mkubwa usio na kitu ndani.

Filamu ikaanza, na kwa dakika chache Kipaza alisahau yote. Kijiji kilikuwa kile, farasi yule, taa ile dirishani. Alihisi harufu ya grisi. Machozi yalimlenga, na bila kutazama aliutafuta mkono wa Miwani akaushika.

Kisha mambo yakaanza kwenda upande. Kwanza ni rangi: koti la Bwana Koti lilikuwa la kahawia, la mwoka mikate jeusi, kitu ambacho hawakuwahi kukijua. Halafu maneno. Mke alipokaa dirishani na taa yake, maandishi yalisema, "Sijui kama bado namngoja au nimezoea tu."

"Hapo si alikuwa anasema mume wangu yuko njiani?" Kaka aliuliza.

Kipaza alikumbuka hivyo hivyo. Walikubaliana kwamba maandishi yamekosewa. Filamu ikasonga, Bwana Koti hakuandika barua, mwoka mikate akaleta mkate, akakata kuni, akautengeneza mlango. Ikafika jikoni. Kaka akainuka kwenda msalani, kwa mazoea tu, na Kipaza naye akajikuta amesimama nusu. Lakini hapakuwa na baba wa kusimama mbele ya kioo. Picha iliendelea, safi kabisa. Mwoka mikate alifuta unga mikononi, akamshika yule mwanamke uso, akamwambia anampenda tangu siku ya kwanza, kisha akambusu.

Kaka alirudi kukaa taratibu.

"Jamani," alisema. "Si dada yake huyo?"

Mama aliinuka, akasema maji yanachemka, akaenda jikoni. Hapakuwa na maji yoyote yaliyobandikwa. Kaka alimgeukia Miwani, akamwambia ameuziwa filamu feki. Miwani akajibu kwa adabu kwamba inawezekana, ila waigizaji ni wale wale. Kaka hakupenda jibu hilo. Alisema anakwenda kunyoosha miguu, akatoka, akaufunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kipaza aliomba filamu isimamishwe, akamfuata mama yake jikoni. Alimkuta anapangusa vikombe vilivyokwisha kukauka.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba hakuwa mjomba."

Mama alitua kikombe. Akasema filamu ile aliiona sinema, na baba yao, siku ya kwanza waliyotoka pamoja, kabla Kipaza wala kaka yake hajazaliwa. Baba alilia mpaka akaazimwa kitambaa. Na lugha ile aliijua barabara, ndiyo aliyofundishiwa kazi ya treni.

Kipaza alihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi aliyoipanda utoto wake wote haikuwa imeegemea popote. "Sasa kwa nini alitudanganya?"

"Hakuwa anawadanganya nyinyi. Nyinyi mlikuwa watoto, mngepiga makofi hata angewasomea ratiba ya treni." Mama alijifuta mikono, ingawa ilikuwa mikavu. "Alikuwa ananiomba mimi."

Kipaza alichukua kikombe kimoja, naye akaanza kukipangusa.

"Kuna mwaka nilichoka, mwanangu. Watoto wawili, mume ni picha ukutani. Na alikuwepo mtu. Usiniulize jina lake. Mtu mwema, hakunikosea heshima hata siku moja. Huo mlango ni yeye aliyeutengeneza." Alionyesha mlango wa jikoni kwa kidevu, na Kipaza akautazama mlango alioufungua maisha yake yote. "Baba yako aliuona. Hakuuliza. Krismasi ile akaja na kanda kwapani, akakaa kwenye kigoda chake, akamfanya yule bwana wa mikate kuwa mjomba wenu. Mimi nimekaa pale nyuma yenu namsikiliza. Nikaelewa."

"Ukabaki kwa sababu ulimngoja."

"Kungoja nilikuwa nimeshaacha. Nilibaki kwa sababu nilimpenda, yeye mwenyewe, na grisi zake. Hivyo ni vitu viwili. Nimeona wanawake wanaolewa na kungoja kwao."

"Kapteni anakuja saa moja."

"Najua. Mji mzima bado unasubiri kuambiwa unaombwa nini."

Kipaza alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa vyote. Alimuuliza mama yake afanye nini. Mama akasema hilo halijui. Yeye alimfungulia aliyesafiri, akaishi naye mpaka mauti, na hakujuta, labda siku mbili tatu. Kama Kipaza alitaka mtu wa kumwambia afungue au asifungue, basi amekosea jiko.

Alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Filamu ilisema moja, baba alisema lingine, na mama, aliyejua yote mawili, alikuwa ameishi la tatu.

Sebuleni Miwani alikuwa bado amekaa, mikono katikati ya magoti, na kwenye televisheni sura ya mwoka mikate imeganda na unga kwenye paji la uso. Kipaza alisimama kati ya wanaume hao wawili. Hasira ilimpanda, na aliifurahia, maana angalau hasira aliijua ni nini.

"Ulishaiangalia?"

"Mara mbili."

"Kwa hiyo ulijua. Ukaniletea leo, mbele ya mama na kaka. Ili nijifunze, siyo?"

Miwani alivua miwani yake akaanza kuisafisha kwa pindo la shati. Bila miwani uso wake ulikuwa kama nyumba iliyoondolewa mapazia.

"Uliniambia nafanana na Mjomba Mkate," alisema. "Ulisema kwa mapenzi, nilikuona. Lakini nilipofika nyumbani sikulala. Mjomba haoi. Mjomba analeta mkate, halafu mwenyewe akirudi anavaa koti lake anaondoka. Nikasema, hebu nimtafute huyo mjomba nimwone kwa macho yangu."

"Ukamwona."

"Nikamwona. Nikafurahi kama mwendawazimu. Halafu nikaogopa, nikaificha mwezi mzima. Hiyo ni filamu ya baba yako. Mimi ni nani nije kumsahihisha marehemu?"

"Na leo umepata ujasiri wapi?"

Alivaa miwani tena, akamtazama. Kipaza hakukwepa, ingawa alitamani.

"Leo saa nane nilikuwa nampima mteja. Mlango wangu huwa wazi, nasikia kila treni. Sijawahi kukusikia ukikatika." Aliitazama televisheni. "Sikuhitaji kuambiwa nani kashuka. Nikataka kuiacha hii kitu dukani, kwa sababu itaonekana nakupangia jibu. Lakini nilikuwa nimekuahidi zawadi ya Krismasi, na ilikuwa Krismasi hii."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Kipaza mahali asipopajua. Alikaa kwenye mkono wa kochi. Akaona hakuna maana ya kuficha, akamwambia kila kitu: kwamba Kapteni anakuja saa moja, kwamba alimwambia karibu, kwamba akimwona magoti yanamlegea na hajui afanye nini na magoti hayo.

"Na wewe," aliongeza, sauti ikimshuka, "nakutafutia siku. Siku niliyokupenda. Naitafuta siioni."

Miwani alifikiri kidogo, kama mtu anayechagua lenzi.

"Hapo siwezi kukusaidia. Mimi yangu ninayo, lakini ni ya kwangu."

"Ipi?"

"Uliporudi kukaguliwa. Nikakusomesha ubao wa herufi, ukausoma wote kwa sauti ya stesheni. Ulipofika mstari wa chini hukuona kitu. Ukasema, herufi hii itachelewa kidogo, tunaomba radhi kwa usumbufu."

Kipaza alicheka. Hakupanga kucheka, kicheko kilimpasuka tu, na nyuma yake yakafuata machozi. Miwani hakuinuka kumfuta. Alimsogezea kitambaa mezani, akakiacha pale mkono wake utakapokifikia.

Saa ukutani ilikuwa inakaribia saa moja. Kipaza alichukua rimoti. Miwani alianza kusema kitu kuhusu mwisho, naye akamzuia kwa kiganja.

"Usiniambie."

Aliondoa sauti kabisa. Akaondoa na maandishi. Kisha akaenda kwenye kona, akakivuta kigoda cha baba, ambacho kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kubeba chungu cha maua tu, akakishusha chungu sakafuni, akakaa pembeni mwa televisheni. Mama alitokea kwenye mlango wa jikoni akiwa na kikombe mkononi. Hakuingia.

Picha ilitembea. Theluji, kijiji, taa dirishani. Bwana Koti, amezeeka kidogo, amenenepa kidogo, akafika mlangoni akabisha. Mwanamke akafungua.

"Mume wangu," Kipaza alianza, kwa maneno ya baba, "umerudi..."

Sauti ikamkatika. Pale kwenye kioo, karibu kiasi cha kugusa, uso wa yule mwanamke haukuwa unasema hivyo. Chenga zote za utotoni hazikuwahi kumwonyesha uso ule. Haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyemfungulia mgeni mpendwa. Kipaza aliutazama, akavuta pumzi, akaanza upya, taratibu, kama anayetangaza treni ambayo haimo kwenye ratiba.

"Karibu. Ingia upate moto, umetoka mbali." Mwanamke alisogea, mwanamume akaingia. "Sikukudanganya. Nilikuwashia taa kweli, miaka mingi. Jioni baada ya jioni. Halafu siku moja nikagundua naiwasha ili mwenye mkate asijikwae akija asubuhi."

Kule nyuma kikombe kiligusa sahani. Miwani hakutikisika.

Kwenye kioo wale wawili walikumbatiana, kwa muda mrefu, kama walivyokuwa wakikumbatiana kila Krismasi ya maisha yake. "Nenda salama," Kipaza alimsemea yule mwanamke. "Sijuti kukungoja. Ila nimemaliza." Mlango ukafunguliwa, mtu akatoka kwenye theluji kwa mgongo, akizidi kuwa mdogo, na koti lake lilikuwa la kahawia. Ndani, mwenye koti jeusi alikuwa ameshika taa.

"Hodi," ikaja sauti ya nje, ya uhakika, ya mtu ambaye hajawahi kunyimwa mlango. Nyuma yake ilisikika sauti ya Kaka, akimwambia apite, nyumba ni yake.

Miwani alisimama. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu, lakini mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye koti lake lililoning'inia nyuma ya kiti, kwa adabu ile ile, tayari kumpisha mwenye nyumba.

"Unakwenda wapi?" Kipaza alimuuliza.

"Nikupe nafasi."

"Lirudishe hilo koti. Anayeondoka ni mjomba, na humu ndani sina mjomba." Alimgeukia mama yake. "Mama, tuwekee vikombe vitano. Mgeni hapewi maneno bila chai."

Mama alitazama kigoda, akamtazama binti yake, akarudi jikoni. Safari hii maji aliyabandika kweli.

Kipaza alitembea mpaka mlangoni. Magoti yalilegea, kama alivyojua yatalegea, akayaacha yalegee. Nyuma yake alisikia kiti kikilia, Miwani akikaa. Alishika kitasa, akafungua, akamtazama Kapteni usoni kwa mwanga wote wa sebule.

"Karibu," alisema, na mara hii sauti yake haikukatika mpaka alipomaliza yote aliyokuwa nayo ya kumwambia.